Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Jumuiya Inayotuletea Misheni

Kwa Mratibu Mkuu, Mlezi wa Kiroho na wajumbe wote wa Baraza la Uongozi wa Jumuiya.

Tumsifu Yesu Kristo!

YAH: MISHENI ZENU KATIKA VIGANGO VYA MWAMBAO WA ZIWA TANGANYIKA

Ndugu zangu katika Kristo, rejeeni kichwa cha barua hapo juu. Jina la jumuiya yenu silitaji humu, wala la parokia yetu, kwa sababu sikuja kuwaanika. Mtajijua wenyewe. Tulitamani malalamiko yetu juu ya misheni zenu tuyamalize ndani. Paroko aliwaandikia. Halmashauri ya Walei ya kigango chetu (tawi la parokia) ikawaandikia. Mwenyekiti wetu akapiga simu mpaka ikawa haipokelewi. Tulichopata ni ujumbe mmoja wa sauti: tuwe na amani, mnatuombea, tena tujihadhari na roho ya manung'uniko. Maombi tumeyapokea kwa shukrani. Majibu hatujayapata, ndiyo maana leo naandika hadharani, na halmashauri imeniruhusu.

Msinione adui wa karismatiki, uamsho huu wa sala katika Roho Mtakatifu. Semina ya wiki saba nimeifundisha mwenyewe, na kikundi cha sala cha kigango ninakiongoza mimi. Uamsho ulioanza Februari 1967 kwa wanafunzi wachache wa Chuo Kikuu cha Duquesne, kule Pittsburgh, Marekani, umefika mpaka kwenye kambi zetu za dagaa. Kuna wavuvi waliokuwa hawajakanyaga kanisani tangu kipaimara ambao leo wanasali rozari kabla ya kushusha mitumbwi. Misheni yenu ya kwanza ilichangia hilo, na nisiposema nitakuwa mwongo. Kwa hiyo shida yangu haiko kwenye ngoma wala kwenye kunena kwa lugha. Shida yangu ni mambo mnayoyaacha nyuma boti ikishaondoka. Nayo ni haya.

1. Wagonjwa walioacha dawa

Jioni ya uponyaji, mhubiri wenu alimwita mbele mama mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo. (Mama huyu ameniruhusu niandike, na amenisisitiza niandike.) Ana kadi ya CTC (kliniki ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI), anameza dawa za kufubaza virusi hivyo. Mkononi alikuwa na karatasi ya kipimo cha wingi wa virusi, na majibu yalisema havikuonekana. Mhubiri akaisoma karatasi ile kwenye kipaza sauti, kinanda kikapanda, watu wakapiga vigelegele. Akatangaziwa kwamba amepona.

Hakuna aliyemwambia aache dawa, hilo nalisema mapema kwa kuwa najua ndilo mtakalolishika. Lakini mtu akitangazwa mzima mbele ya kijiji kizima, vidonge aendelee kumeza vya nini?

Muuguzi wa zahanati yetu angewaeleza kwa dakika mbili. Mgonjwa akimeza dawa kila siku bila kuruka, virusi hupungua mpaka kipimo hakivioni tena kwenye damu. Havijatoka mwilini. Karatasi ile ilikuwa inasema dawa zinafanya kazi. Ni habari njema kabisa, ya kumshukuru Mungu na ya kumshangilia yule mama kwa uaminifu wake, ila ni habari inayomtaka aendelee kumeza. Alipoacha, virusi vikarudi. Alikonda, akapata homa zisizokatika, akapelekwa zahanati kwa pikipiki akiwa amebanwa katikati ya dereva na mdogo wake asije akaanguka. Sasa amerudi kwenye dawa na anaendelea vizuri. Mume wake hajarudi. Alikuwa hajui hali ya mkewe mpaka alipoisikia kwenye spika zenu.

Yupo pia kijana mwenye kifafa aliyetupa dawa zake ziwani kwa imani. Degedege lilimkuta jikoni. Mkono wake wa kulia umeungua hadi kwenye kiwiko, na vidole viwili havikunjuki.

Kanisa halikutuacha gizani kuhusu jambo hili. Tarehe 14 Septemba 2000 ofisi ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa maelekezo kuhusu sala za kuomba uponyaji. Sala zenyewe zinaruhusiwa, tena zinapendwa. Kinachokatazwa ni mihemko ya kupandishwa, maigizo na mbwembwe, hasa kutoka kwa wale wanaoongoza. Na kama mtu anaamini ameponywa, ushuhuda wake ukusanywe ibada ikiisha, kwa ukweli na uangalifu, uwasilishwe kwa mamlaka ya Kanisa. Kwa Askofu, ndugu zangu. Ninyi mliurusha kwenye makundi ya WhatsApp kabla jenereta halijapoa.

Na yeyote anayedhani kumeza kidonge ni upungufu wa imani afungue Yoshua bin Sira sura ya 38. Mgonjwa anaambiwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake, kwa maana naye aliumbwa na Bwana.

2. Bibi aliyetajwa bila kutajwa

Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote, kwa hiyo mnivumilie nikienda polepole.

Kuna familia ya wavuvi iliyozika watoto kwa kufuatana. Timu yenu ya maombezi iliitembelea nyumbani, jambo jema. Wakati wa maombi, mwombeaji mmoja akasema ameona mwanamke mzee, ndugu wa nyumba hiyo, anayeishi upande jua linakozama, na kwamba mkono wake hauko safi. Jina hakutaja.

Ndugu zangu, kwetu jua linazama ziwani. Upande huo wa kijiji ni ufukwe na vichanja vya kuanikia dagaa, na nyumba za kuhesabu. Mwanamke mzee mwenye undugu na familia ile ni mmoja tu. Ni shangazi yao, mjane, anayejipatia riziki kwa kukausha samaki kwa moshi, na macho yake ni mekundu kwa sababu ya moshi huo. Hata mtoto wa chekechea angekuonyesha mlango wake.

Mliondoka alfajiri. Usiku huo huo paa lake lilipigwa mawe. Mimi na mwenyekiti wa kitongoji tulilala kibarazani kwake na tochi, na vijana wachache wa VIWAWA, chama cha vijana Wakatoliki, wakaja kutuongezea nguvu. Tuliwasikia watu wakipita pita gizani wakiimba pambio mlilotufundisha wiki ile. Baada ya hapo mpwa wake alikuja kumchukua, anaishi naye kata nyingine. Hajarudi mpaka leo. Vichanja vyake vimegeuzwa kuni.

Katika nchi hii mambo haya si ya kuchezea. Shinyanga, Mwanza, Tabora na hata huku kwetu, akina bibi wamekatwa mapanga kwa kosa la kuwa na macho mekundu. Sheria ya Uchawi iliyopo tangu 1928 haimwachi anayemnyooshea mwenzake kidole kwamba ni mchawi. Mwombeaji wenu alinyoosha kidole, akakiita ufunuo.

Tena si huyo tu. Mtoto wa darasa la sita alikalishwa chini sakristini, chumba cha mavazi ya padre, waombeaji wamemzunguka, wakimuuliza pepo: unaitwa nani, umetumwa na nani, umeingilia wapi? Mtoto amechoka, ana njaa, anaogopa, anataja jina lolote linalomjia. Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa inasema hakuna awezaye kuwapunga halali waliopagawa bila ruhusa ya pekee na ya wazi ya Askofu. Barua ya Vatikano ya tarehe 29 Septemba 1985 iliwakumbusha Maaskofu wasiruhusu mikusanyiko ambamo watu wasio na mamlaka hayo wanasemezana na pepo na kutafuta kuwatambua. Mlezi wenu wa kiroho anaijua barua hiyo. Kama haijui, paroko wetu anayo nakala.

Mtume Paulo anawaambia Wakorinto manabii wanene wawili au watatu, na wengine wapambanue. Nani alipambanua siku ile? Mwombeaji mwenye umri wa miaka ishirini na kitu aliona, akasema, akapanda boti.

3. Kisima

Mlipiga picha akina mama wakichota maji ziwani, mkaandika chini yake kwamba vijiji hivi vinasumbuliwa na kipindupindu. Ni kweli vinasumbuliwa. Mkaomba michango kwa ajili ya kisima cha maji safi, mkaweka namba ya simu ya kutumia, mkatuma watoto wetu waimbe kwenye video. Wanakijiji nao hawakukaa bure: walisomba mawe na mchanga, wakachimba kwa zamu.

Leo pana shimo lililofunikwa kwa matawi ili mbuzi wasitumbukie. Kibao chenye nembo yenu kipo, kimepakwa rangi vizuri sana.

Sijasema mmeiba. Nimesema hamjaeleza. Kanuni ya 1267 inasema matoleo ya waamini yaliyotolewa kwa lengo fulani yatumike kwa lengo hilo tu, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali walizozitoa. Mama ntilie aliyetuma elfu mbili yake kutoka mjini aliituma kwa ajili ya maji. Kama ililipia mafuta ya gari, aambiwe, huenda akaridhia, lakini aambiwe. Papa Fransisko, CHARIS (chombo cha Vatikano cha kuhudumia uamsho wa karismatiki duniani) ilipoanza kazi rasmi Pentekoste ya tarehe 9 Juni 2019, aliukabidhi uamsho wetu mambo matatu: kuwashirikisha watu ubatizo katika Roho Mtakatifu, kujenga umoja, na kuwahudumia maskini. Hilo la tatu halikamilishwi na kibao.

4. Vijana mliowaacha kwetu

Mlituachia vijana wawili, wa kiume na wa kike, mkiwaita wamisionari wa mwaka mmoja. Ni vijana wa dhahabu. Mmoja alikuwa ameacha kazi dukani, mwingine aliahirisha masomo. Mliwaachia gunia la unga, gitaa, na ahadi ya posho. Unga uliisha kabla ya mwezi, posho haikufika. Tangu hapo wamelishwa na jumuiya ndogo ndogo kwa zamu, na hatulalamikii chakula, mgeni ni wetu. Tunalalamikia kwamba binti yule alipopata malaria kali hakuwa na bima ya afya, na simu zake kwenu zilikuwa zinajibiwa kwa maandiko. Kijana aliuza simu yake kumlipia matibabu.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya 1965 juu ya utume wa walei, unawataka wachungaji wahakikishe kwamba walei wanaojitoa kwa kazi ya Kanisa wanatunzwa kwa haki, na wanapata malezi na faraja ya kiroho. Kanuni ya 231 inataja hata matibabu yao. Kujitoa ni kwao. Kuwatunza ni kwenu.

Na hapa naomba niseme jambo ambalo watu wa jijini huenda hamlijui. Mwambao huu umeshawahi kupata mmisionari mlei. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walishika kituo cha Karema mwaka 1885, na mwaka 1889 wakaletewa Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi tunayoiita leo Mali, aliyetekwa na kuuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta. Hakuwa padre wala bruda. Alikuwa daktari na katekista. Akaoa huku huku, akatibu na kufundisha dini Karema mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga inayoitwa kwa jina lake kila mmoja wenu ameshapita nje yake akiwa kwenye basi. Siwadai miaka 67. Nadai tu kwamba mtu anayetumwa kwa jina la misheni awe na mtu wa kupokea simu yake.

5. Picha na video

Nyuso za wagonjwa, jina la kijiji na jina la ugonjwa, vyote viko mtandaoni. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inalinda siri ya hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Ziondoeni. Sina maelezo zaidi ya hapo.

Sasa, najua mtakayoyasema, kwa kuwa mengine mmeshayasema.

Mtasema mlikuwa na kibali cha Paroko. Mlikuwa nacho, barua iko kwenye faili na nimeisoma. Inawaruhusu kuhubiri, kusali na kutembelea wagonjwa. Haina sentensi inayoruhusu kupunga pepo sakristini, na hata ingekuwepo, ruhusa hiyo si ya Paroko kuitoa, ni ya Askofu.

Mtasema waombeaji ni watu wa kujitolea, hawakupata mafunzo ya kutosha. Basi wasitumwe mpaka wayapate. Mimi nilikaa chuo cha makatekista ndipo nikaruhusiwa kuwafundisha watoto Amri za Mungu.

Mtasema ni vita ya shetani dhidi ya kazi. Shetani simtetei, ila shimo lile hakulichimba yeye.

Mtasema maamuzi yote yanamsubiri Mratibu Mkuu, naye yuko safarini. Hapo nitakuwa mkali kidogo, na naomba radhi kwa umri wake na kwa kazi aliyoifanya. Jumuiya ambayo swali la kisima haliwezi kujibiwa na mhazini wala katibu, mpaka mwanzilishi arudi kutoka semina, ina tatizo la uongozi. Tarehe 11 Juni 2021 Vatikano iliagiza kwamba viongozi wakuu wa vyama vya kimataifa vya waamini wasikae zaidi ya miaka 5 kwa muhula, wala zaidi ya miaka 10 mfululizo. Ninyi si chama cha kimataifa na agizo lile haliwafungi. Someni sababu zake lakini.

Na kuna mmoja wenu aliyemjibu mwenyekiti wetu kwa Zaburi ya 105: "Msiwaguse masihi wangu." Asome kuanzia mistari michache nyuma. Zaburi ile inawazungumzia wazee wetu Abrahamu, Isaka na Yakobo walipokuwa watu wachache, wageni, wakihamahama taifa hadi taifa, na onyo lile walipewa wafalme. Katika habari yetu, aliyehamishwa kwake ni yule bibi.

Tunayoyaomba ni haya:

(a) Mwombeaji aliyesema maneno yale arudi akiwa na mmoja wa viongozi. Asimame Dominika katika kanisa la kigango, aseme wazi kwamba hakuna mtu wa kijiji hiki aliyetajwa na Mungu kuwa mchawi. Jumuiya imrudishe bibi nyumbani kwa heshima, imtengenezee paa na vichanja. Sisi tutatoa mafundi. Ombi hili halina mbadala.

(b) Maombi ya kupunga pepo yasimame katika misheni zenu zote mpaka muwe na maandishi ya Askofu wa mahali.

(c) Kila misheni yenye sala za uponyaji itangaze mwanzo na mwisho kwamba hakuna anayeacha dawa bila kauli ya daktari, na mhudumu wa afya awepo.

(d) Mapato na matumizi ya mchango wa kisima yafike kwa Paroko kabla ya Jumatano ya Majivu, yakiwa na stakabadhi.

(e) Vijana wale wawili walipwe posho yao yote, yule kijana arudishiwe thamani ya simu, na wakatiwe bima. Wakitaka kumalizia mwaka wao hapa, tunawapenda. Wakitaka kwenda nyumbani, nauli ni juu yenu.

(f) Video na picha zote za wagonjwa ziondolewe.

Tumesikia mnapanga kurudi baada ya Pasaka. Halmashauri imeamua kwamba (a) na (d) zisipotekelezwa, kigango hakitatoa uwanja, kwaya wala vyakula, na Paroko ameiandika kauli hiyo kwenye kumbukumbu za kikao. Jalada zima litakwenda kwa Askofu, kwa kuwa kanuni ya 305 inaviweka vyama vyote vya waamini chini ya uangalizi wa mamlaka ya Kanisa. Mkitekeleza, njooni. Uwanja mnaujua, na wavuvi wanawaulizia.

Wenu katika Kristo,

Katekista wa kigango,
kwa niaba ya Halmashauri ya Walei.

Nakala:
Paroko
Mkurugenzi wa Idara ya Walei, Jimbo
Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji
Mganga Mfawidhi wa zahanati
Familia ya Bibi